Protini Iliyotoka Kichwani Mwangu

Vijana wangu, tukikutana pale sokoni Mbinga mnanisalimu vizuri, "Shikamoo Profesa," nami naitika marahaba. Nikishapita hatua tatu nasikia mnanong'ona, "Ndiye yule wa buibui." Msinong'one. Masikio yangu bado ni mazima kuliko macho, na jina lenyewe nimelizoea. Nimefanya kazi ya buibui miaka thelathini na miwili. Niliosoma nao walichunguza malaria, mihogo, maji safi. Wazazi wao wakiulizwa mtoto anafanya nini walijibu kwa sentensi moja. Mama yangu akiulizwa alisema, "Kasiana yuko Dar es Salaam, anafundisha," kisha haraka sana anauliza habari za kahawa.

Mwalimu wenu wa baiolojia ameniomba niwaandikie mafanikio yangu. Mafanikio yapo, yako kwenye makaratasi ambayo panya wa darini kwangu wanayafahamu vizuri kuliko mimi. Nitawaeleza kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Buibui ninayemsema mnamfahamu. Ni yule mkubwa mwenye miguu mirefu, anayetanda utando wa rangi ya dhahabu. Huku kwetu juu wapo, ila ukishuka Ziwa Nyasa, kuanzia Lundo mpaka Lituhi, wamejaa, kwa sababu vile vijidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi ndiyo ugali wao. Uzi wake ni protini, kama nyama, kama kucha zenu. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo, mithili ya shanga zilizotungwa. Katika uzi wa buibui kuna sehemu za mnyororo zilizobanana sana, hizo zinaupa nguvu, na kuna sehemu zilizolegea kama springi, hizo zinaufanya uvutike. Mdudu anaingia kwa kishindo, uzi unanyumbuka, haukatiki. Kazi yangu ilikuwa kuuyeyusha uzi huo na kuzitambua protini zake moja moja. Na kuuyeyusha si mchezo. Maji hauyajali, sabuni hauijali. Kuna dawa niliyoitumia iliyotoboa viatu vyangu kabla haijaugusa uzi.

Shida yangu ya kwanza, hata hivyo, haikuwa uzi. Ilikuwa Kiswahili. Kulikuwa na mfuko mmoja mdogo wa utafiti uliopokea maombi kwa lugha yetu, nami nikaandika kwa fahari: "Uimara wa uzi wa buibui wa Ziwa Nyasa." Ombi langu likakaa miezi minne. Nilipofuatilia, ofisa mmoja mpole akaniambia limepelekwa kwa wataalamu wa nguo. Na kweli, pembeni mtaalamu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mwombaji aeleze kama buibui hilo ni la pamba au la nailoni."

Wa kunicheka zaidi alikuwa Bi Tabu, fundi wa maabara yetu, mama wa Tanga aliyekuja kazini kila asubuhi amevaa buibui lake, akalitundika nyuma ya mlango na kuvaa koti jeupe. "Walete wataalamu wao," alisema. "Mimi ninalo hapa, wapime."

Bi Tabu hakuwa na digrii. Mimi nilikuwa nazo tatu, na nilipotoka kukusanya buibui kwa mara ya kwanza niliwaweka wote ishirini na sita katika katoni moja, nikaitoboa matundu wapate hewa, nikasafiri nao siku mbili kutoka Lundo hadi Dar es Salaam huku nimeipakata kama mtoto. Tulipoifungua mezani walikuwa watano. Wanene.

Bi Tabu akachungulia, akachungulia tena. "Daktari, hawa umewaleta, au umewaandalia karamu?"

"Sikujua wanakulana."

"Hata majogoo wawili huwaweki tenga moja, sembuse hawa wenye sumu."

Kuanzia siku hiyo kila buibui alisafiri katika kopo lake la maziwa ya unga, na ni Bi Tabu aliyepita nyumba kwa nyumba kuyaomba makopo. Ni yeye pia aliyebuni mashine yetu ya kuvuta uzi. Namna yake ni hii: unamlaza buibui chali, unamshika kwa vipande vya karatasi na selotepu bila kumuumiza, unanasa ncha ya uzi kwa kibano pale nyuma unapotokea, halafu unauzungusha kwenye kigurudumu. Mimi niliuzungusha kwa mkono na kuukata kila nilipopiga chafya. Bi Tabu akatoa mota kwenye redio kaseti iliyokufa, akaifunga betri, na uzi ukatoka laini kwa nusu saa nzima. Buibui mwenyewe alionekana kuchoshwa tu. Siku hizi jeni za buibui zinasomwa na mashine, na kuna mahali bakteria wanafundishwa kutengeneza protini ya hariri, yaani ya uzi huo, ndani ya mapipa, hakuna anayemlaza mtu chali. Ni vizuri. Mashine haina kiburi, nami nilikuwa nacho cha kutosha kuendesha mota ile bila betri.

Sasa kosa lenyewe.

Nilikuwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Salome, binti wa mvuvi wa Mbaha. Msichana wa maneno machache, mwenye daftari ambalo aliandika kila kitu, hata hali ya hewa. Siku moja tulitandaza sampuli kwenye jeli. Jeli ni kitu laini kama uji uliopoa. Unaweka sampuli ncha moja, unapitisha umeme, na protini ndogo zinakimbia mbele huku kubwa zikijikokota nyuma. Halafu unaipaka dawa yenye madini ya fedha, na kila protini inajitokeza kama mstari wa kahawia. Dawa hiyo ni kali, inaona hata chembe. Protini za hariri ni kubwa sana, zinabaki juu. Siku hiyo, katikati kabisa, palikuwa na mstari ambao hakuna kitabu kilichoutaja.

"Salome, unauona?"

"Nauona, Daktari."

"Ulishawahi kuuona popote?"

"Sijawahi."

Hayo yalinitosha. Tulirudia miezi mingi. Mara nyingi mstari ulikuja. Siku ambazo haukuja nilimwambia Salome hajayeyusha vizuri, naye alirudia kazi bila kulalamika. Mimi nikaipa protini ile jina kabla sijaijua. Nyasini. Kwa heshima ya ziwa letu. Nikaandika makala, jarida moja la nje likaikubali, na faili langu la kupandishwa cheo kuwa profesa likawekwa juu ya makala hiyo kama sufuria juu ya mafiga. Salome akajenga sura tatu za tasnifu yake hapo hapo.

Krismasi nikaja nyumbani. Baada ya misa, wakati wa matangazo, Paroko akaniita mbele niwasalimu watu. Ningesema tumsifu Yesu Kristo na kurudi kukaa. Badala yake niliwaeleza kwamba buibui wa ziwa letu ana protini isiyopatikana kokote duniani, na jina lake ni nyasini. Vigelegele vilipigwa mpaka nikaona aibu, ingawa si aibu ya kutosha. Mama alikuwa benchi la tatu. Wiki hiyo nzima, kwenye mashine ya kukoboa kahawa, kisimani, kwa majirani, hakubadilisha mazungumzo. "Kasiana amegundua nyasini," alisema. Hakujua ni nini, lakini sasa alikuwa na sentensi yake.

Kabla ya kurudi kazini nilishuka Lundo na Salome kuchukua buibui wengine. Huko tulikuwa na mwenyeji wetu, Mama Ester, aliyeanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye chanja karibu na maji. Buibui walipenda kutanda kati ya nguzo za chanja zake, naye hakuwafukuza kwa sababu walimpunguzia inzi.

"Mama mwalimu," aliniuliza, "huu utando asubuhi ukilowa umande unakaza kama ngozi ya ngoma. Jua likipanda unalegea. Ni kwa nini?"

"Hayo ni mambo ya kawaida, mama," nilimjibu. "Sisi tunatafuta protini."

Salome aliandika kitu kwenye daftari lake. Sikumuuliza ni nini.

Tuliporudi Dar es Salaam nilimwona amenyamaza kuliko kawaida yake. Akiniona nakuja anafunika jeli. Nikadhani ana habari za posa. Wiki mbili zikapita hivyo, mpaka asubuhi moja Bi Tabu akafunga mlango wa maabara, akasimama mbele yake.

"Daktari, kaa kitako. Mtoto ana neno."

Salome alikuwa amelikumbatia daftari. "Ni sampuli tupu, Daktari."

"Imefanya nini?"

"Niliweka dawa na maji tu. Bila uzi wowote." Akaifunua jeli iliyokuwa mezani. "Nyasini imo."

Vijana, sampuli tupu ni ile usiyoweka kitu, ili ujue vyombo vyako ni safi. Inatakiwa kufanywa kila siku, kabla ya nyingine yoyote. Mimi nilikuwa nafundisha hivyo darasani miaka kumi na tano. Katika kazi yangu mwenyewe niliifanya mara moja, siku ya kwanza, nikaona inatosha.

Ningependa kuwaambia nilipokea habari ile kwa hekima. Nilisema, "Basi mikono yako ni michafu."

Hakulia. Alifungua daftari. "Niliandika siku zote, Daktari. Siku ambazo mstari ulionekana ni arobaini na moja. Siku ambazo haukuonekana ni kumi na tisa."

"Siku hizo uliyeyusha vibaya."

"Siku hizo ulikuwa kwenye vikao."

Nikainamia daftari nizihesabu tarehe hizo mwenyewe.

"Na sasa hivi, mwanangu," Bi Tabu akasema taratibu, "huo mkono wako uko wapi?"

Ulikuwa kichwani. Mimi nikifikiri huwa najikuna. Najikuna kwa vidole, kwa kalamu, kwa kibano, na kisha huinama juu ya sampuli za watu kuziangalia kwa karibu, bila glovu, kwa sababu glovu zilinitia joto. Bi Tabu akanipa kitana na karatasi nyeupe. Nikachana nywele juu ya karatasi kama mtoto anayetafutwa chawa. Kile kilichodondoka Salome alikiyeyusha kwa dawa ile ile, akakitandaza kwenye jeli ile ile. Saa tisa alasiri tukaipaka rangi. Mstari ukatokea palepale, mnene kama barabara ya lami.

Nyasini ilikuwa keratini, protini ya nywele, kucha na ngozi. Kwa Kiswahili cha nyumbani, ilikuwa mba.

Nilicheka? Sikucheka. Nilikwenda nyumbani, na kwa siku tatu nilitafuta njia ya kutokea. Makala ilikuwa bado haijachapwa, lakini nani angekuja Lundo kukamata buibui ili anisahihishe? Faili la cheo lilikuwa mezani kwa wakubwa. Nikapata hoja nzuri kuliko zote: nafanya hivi kwa ajili ya Salome. Udhamini wake ulikuwa umebakiza miezi minane. Nikamwita.

"Tunaweza kuandika kwa tahadhari," nilimwambia. "Tuseme protini bado inachunguzwa."

"Daktari, atakayesimama mbele ya watahini ni mimi," alisema. "Wakiniuliza kuhusu sampuli tupu niwajibu nini?"

Siku hiyo hiyo nikaandika barua ya kuiondoa makala. Mhariri alinijibu kwa mistari miwili ya shukrani. Wakubwa walinirudishia faili bila hata mstari mmoja, na uprofesa nikausubiri miaka minne zaidi. Wenzangu waliniita Mama Nyasini kwenye korido, kwa upendo, walisema. Nami niliitika. Ungefanya nini?

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko barua. Mama alikuwa bado anatangaza nyasini kule nyumbani. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna mtu kule kijijini aliyesoma majarida ya nje. Nilisafiri. Jumapili, baada ya misa, nikamwomba Paroko dakika mbili.

"Ndugu zangu," nilisema, "ile protini niliyowatangazia Krismasi haiko kwa buibui. Nilikosea. Ilikuwa uchafu wa kichwa changu mwenyewe, umedondoka kwenye vyombo."

Mzee mmoja wa kwaya akakohoa kicheko, mtoto akamfuata, na muda si muda kanisa lote linacheka, Paroko amejifunika uso kwa karatasi ya matangazo. Mama hakucheka.

Tulipanda mlima kurudi nyumbani katikati ya mikahawa, yeye mbele, mimi nyuma. Karibu na kona ya shamba letu akasimama kupumzika.

"Kwa hiyo ile protini ni ya kwako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Akawaza. "Basi bado imetoka Mbinga."

Akaendelea kupanda. Tangu hapo akiulizwa habari zangu alisema, "Anachunguza uzi wa buibui. Alikosea, akasema." Alisema hivyo mpaka alipofariki, nami sijapata wasifu mzuri kuliko huo, ingawa nimeandikiwa mirefu.

Salome, kwa upande wake, alikuwa na miezi minane na sura tatu zilizokufa. Alifungua daftari, akanionyesha alichoandika Lundo. Lilikuwa swali la Mama Ester. Nikataka kusema tena ni mambo ya kawaida, lakini safari hii nilijizuia. Tulirudi ziwani. Alinyoosha uzi kwenye vifremu vya waya, akapima ukiwa mkavu, akaulowesha kwa mvuke, akapima tena. Uzi ulijikunja na kukaza. Zile sehemu za mnyororo zilizolegea, zikipata maji zinajikusanya. Jambo hilo kwa buibui wa kwingine lilikuwa limeandikwa, ila kwa buibui wa ziwa letu, anayeishi ndani ya umande na ukungu, hakuna aliyewahi kulipima, na yeye alipima mpaka akaonyesha ni protini ipi inayofanya hivyo. Mama Ester aliamka alfajiri kutusaidia kuchagua tando zilizolowa, na jina lake liko kwenye shukrani za tasnifu.

Mimi nilipigwa marufuku kugusa sampuli. Niliandika lebo za makopo. Nikiruhusiwa kuingia maabara, Bi Tabu alinivisha kilemba, barakoa, glovu jozi mbili, nikaonekana kama mrina asali. Sampuli tupu ilifanywa kila asubuhi kabla ya chai.

Siku ya utetezi wa tasnifu, mtahini wa nje, mtu mkavu mwenye miwani myembamba, alifika kwenye sura fupi ambayo Salome alisisitiza kuiweka, ile ya uchafuzi wa sampuli.

"Umeandika kwamba chanzo kiligunduliwa," alisema. "Kilikuwa nini?"

Salome akaangalia meza. "Kilikuwa ndani ya maabara."

"Ndani ya maabara wapi?"

Nikaona anavyohangaika kutafuta neno la heshima. Nikanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma. "Ni mimi," nikasema.

Yule mtahini alinitazama, akatazama sura ya tasnifu, akanitazama tena, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Salome alifaulu, na masahihisho yalikuwa ya nukta na koma.

Jioni tulikaa ofisini kwangu, soda mkononi. Bi Tabu alikuwa amekwenda kuswali. Nikamuuliza Salome kitu kilichokuwa kikinisumbua.

"Zile wiki mbili ulizoficha. Ulikuwa unasubiri nini?"

Alizungusha chupa mezani. "Nilikuwa nakuogopa, Daktari. Kila siku mstari usipotokea uliniambia sijui kuyeyusha. Nilifika mahali nikaamini. Niliona sampuli tupu na bado nikafikiri kosa ni langu. Nilimwandikia baba kwamba huenda nikaacha masomo."

Vijana wangu, nilikuwa nimeliomba radhi jarida. Nilikuwa nimewaomba radhi wakubwa wa chuo, na kanisa zima pamoja na kwaya. Yeye, niliyemwambia mikono yake ni michafu, sikuwa nimemwomba. Nilifikiri kunyoosha mkono kwenye utetezi kunatosha.

"Nisamehe, Salome," nilisema. "Wewe ulikuwa unayeyusha vizuri tangu siku ya kwanza."

Alifuta machozi kwa kiganja, akavuta begi lake, akatoa daftari.

"Nimekusamehe, Daktari. Na kwa kuwa leo unasikiliza, kuna makosa mengine kwenye ile makala yako ya zamani, ile ya kabla sijaja. Niliyaona mwaka juzi."

"Mangapi?"

"Matatu."

Nikavaa miwani, nikasogeza kiti upande wake. Mawili alikuwa sahihi. La tatu tulibishana mpaka Bi Tabu akarudi, na Salome, ambaye sasa ana wanafunzi wake mwenyewe, akipiga simu hapa Mbinga tunabishana mpaka leo.